Sentimita Sitini na Tatu

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, fundi seremala alitoka uani na kamba, chaki na futi yake, akachora magari mawili kwenye saruji. Aliyachora kwa ukubwa wake halisi, bampa hadi bampa, pamoja na milango, viti, na yale matuta ya magurudumu yanayojitokeza ndani ya bodi la nyuma. Alipomaliza, magoti ya suruali yake yalikuwa meupe na ua wote ulikuwa umejaa. Mkewe alisimama mlangoni na sindano mdomoni, akatazama kwa muda, kisha akaitoa.

"Baba Pacha, sasa wateja watapita wapi?"

"Wapite katikati. Nimewaachia sentimita themanini."

Si bure watu walimwita Sentimita. Alikuwa mtu wa kupima mlango kabla ya kupita na mkate kabla ya kuukata. Waliomcheka walikuwa wengi, lakini milango yake haikukwaruza sakafu na kabati zake zilifungwa kwa kidole kimoja, kwa hiyo waliomcheka walirudi na oda nyingine. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba. Yeye alikata mbao upande wa kushoto, na Mama Pacha alishona mito na vitambaa vya makochi upande wa kulia, na kelele za msumeno na za cherehani zilikuwa zimezoeana kuliko wenyewe.

Kigari chao cha miaka yote kilikuwa kimekata roho mwezi uliopita. Makanika alifungua boneti, akaangalia, akaifunga taratibu bila kusema neno, wakaelewa. Fedha za kununua jingine zilikuwepo, walizilimbikiza wote wawili, na kwenye yadi ya magari walikuwa wameona mawili ya kuwafaa: pikapu ya wastani na pikapu kubwa, zote za milango minne. Muuzaji alikubali kuwashikia yote mawili hadi Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo, alisema, kila mtu na bahati yake.

"Kaeni tuone," Sentimita aliamuru.

Pacha wawili, wasichana wa miaka tisa, walileta vigoda wakavipanga ndani ya mistari. Kwenye gari dogo walikaa nyuma magoti yakiwa karibu na kidevu. Kwenye kubwa walinyoosha miguu, wakaanza kugombea dirisha ambalo halikuwepo.

"Mimi nakaa wapi?" aliuliza Bibi, mama yake Sentimita, aliyekuwa ameketi barazani na fimbo yake mapajani.

"Mbele, Mama. Wewe daima mbele."

"Na dereva?"

"Pembeni yako."

"Basi asiniongeleshe."

Watu walicheka. Kisha Sentimita aliburuta shiti nzima ya plaiwudi na kuilaza juu ya bodi la gari dogo. Ilikalia matuta ya magurudumu, yaani kwenye gari lenyewe ingelazimika kuinama, kufungwa kamba, na kufika kwa mteja imekwaruzika. Akaihamishia kwenye kubwa. Ililala bapa, nafasi ikabaki huku na huku.

"Umeona," Mama Pacha alisema. Alikuwa na neno hilo moja tu na alilisema kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Hujaona yote." Sentimita aliikunjua futi na kuisimamisha wima kutoka chini. "Dogo, kutoka ardhini mpaka sakafu ya mlango, ni sentimita arobaini na nane. Kubwa ni sitini na tatu." Alipunguza sauti, ingawa ua haukuwa na mahali pa kuificha sauti. "Mguu wake wa kushoto tangu kile kiharusi unaujua. Mara mbili kwa wiki anakwenda kwenye mazoezi. Atapanda sitini na tatu kwa mguu upi?"

"Tutamweka kigoda."

"Na mvua ikinyesha? Na siku ambayo mimi sipo?"

"Si nipo mimi?"

"Wewe hujui kuendesha."

"Nitajifunza."

Walizungumza hivyo kwa muda mrefu, juu ya dizeli na upana wa geti na vioo vya kukunja, wakimtaja Bibi kila baada ya maneno mawili, na Bibi ameketi hatua tatu kutoka kwao. Yeye alikuwa akitazama ile namba kwenye futi. Hakuwa amevaa miwani, akamwita pacha mkubwa amsomee.

*

Jumanne Mama Pacha alikwenda chuoni na mto mmoja ndani ya mfuko.

Oda ya vitanda arobaini vya bweni walikuwa wamekwisha kupewa, na vile vingefika hata kwa gari dogo, kidogo kidogo. Alichofuata yeye ni viti vya ukumbi. Viti mia tatu vyenye mito, mito mia tatu, na kila mmoja ukipita kwenye cherehani yake. Kazi za samani siku zote zilikuja kwa jina la mumewe. Watu walisema kochi la Sentimita, hakuna aliyewahi kusema mto wa Mama Pacha. Hii aliisikia mwenyewe, akaifuatilia mwenyewe, na ilikuwa safari yake ya nne mbele ya meza ya msimamizi.

Msimamizi aliuminya mto kwa kidole gumba, akausubiri urudi, ukarudi.

"Mzuri," alisema. "Shida yangu siyo mto. Ukumbi unatumika. Nina asubuhi mbili tu za kuingiza viti vyote. Safari iliyopita fundi mmoja aliniletea meza kwa vipande, leo miguu, kesho vioo, wanafunzi wakakaa chini. Mnaleta kwa gari gani?"

"Pikapu."

"Pikapu zipo za kila namna. Ninyi leo mmekuja na nini?"

Alikuwa amekuja kwa miguu, na vumbi lilikuwa juu ya viatu vyake, na msimamizi alikuwa akilitazama. Nyuma yake karani mmoja alikohoa kile kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Mama Pacha alikumbuka siku ile mwenye gari la kukodi alipowashushia makochi kando ya barabara kwa kuwa walichelewa kidogo, na yeye akakaa juu ya kochi la mteja hadi jioni, manyunyu yakimdondokea, wapita njia wakimwuliza kama anauza chai. Alinyoosha shingo.

"Kubwa," alisema. "Tunayo ile kubwa."

"Basi nileteeni vitanda kumi Jumamosi ya wiki ijayo, safari moja. Nikiviona, viti ni vyenu."

Alirudi nyumbani mbio mbio, akaanza kukata kitambaa akakikata kombo, akaketi kwenye cherehani akavunja sindano. Akasimama. Akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Bibi, ambaye kazi yake mchana ilikuwa kufumua mishono iliyokosewa, alimtazama akienda na kurudi mpaka shingo ikamchoka.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu. Wamekataa?"

"Wamekubali."

"Sasa unafukuzwa na nani?"

Mama Pacha akamweleza, pamoja na lile la kusema gari tunalo. Alilisema haraka, akiangalia mkasi.

"Umeshamwambia ni kubwa," Bibi alisema.

"Ulimi, Mama. Sikujua hata neno limetoka."

Bibi alivuta uzi mrefu kutoka kwenye mshono, akauzungusha kwenye kidole. Hakumlaumu wala hakumfariji. Aliuliza tu kama chakula cha jioni kitachelewa.

*

Usiku huohuo, sahani zikiwa bado mezani, Sentimita alitoa uamuzi kwa njia yake. Hakuweza kuamua kwa maneno, akaamua kwa mbao. Alikuwa ametengeneza sanduku la urefu wa sentimita sitini na tatu kamili, na juu yake akasimamisha fremu kama ya mlango wa gari, na kishikio upande wa kulia palepale kilipo kwenye gari lenyewe. Alikuwa amekwenda yadi kukipima.

"Ijumaa jioni Mama atapanda mara tatu," alisema. "Bila kushikwa na mtu. Akiweza, tunachukua kubwa. Asipoweza, dogo, na tusisumbuane tena."

"Na akiwa amechoka siku hiyo?" Mama Pacha aliuliza.

"Gari halitamwuliza kama amechoka."

"Mimi nipo hapa," Bibi alisema.

"Najua upo, Mama. Ndiyo maana tunapima."

Aliliweka sanduku uani, akalisukuma mpaka likaegemea baraza ili lisiteleze. Baraza lilikuwa karibu kimo kilekile. Alilitikisa mara mbili, halikucheza, akaenda kulala akiwa mtu pekee nyumbani mle aliyeridhika.

Jumatano mchana Sentimita alikuwa ameenda kuchagua mbao na watoto walikuwa shuleni. Mama Pacha alisikia kishindo, siyo kikubwa, kama gunia linapowekwa chini na mtu asiye na nguvu. Alizima cherehani. Alipofika uani alimkuta Bibi ameketi kwenye saruji, katikati ya mistari ya chaki, miguu imenyooka mbele, kilemba kimemtoka na fimbo iko mbali.

"Mama."

"Natafuta kifungo."

"Kifungo gani?"

"Kitaonekana."

Mama Pacha alipiga magoti akamshika kiunoni, na Bibi akauma meno. Upande wa nyonga ya kushoto ulikuwa umeanza kuvimba. Walisaidiana hadi kitandani, hatua kwa hatua, na njiani Bibi aliulaumu mlango, zulia na serikali.

"Nakwenda kumpigia simu mwanao."

"Kaa."

"Mama, hili siyo la kuficha."

"Kaa, nimesema." Bibi alimshika mkono kwa mkono wake mzima, na mkono huo ulikuwa na nguvu za ajabu. "Nimekuomba nini tangu uingie nyumba hii?"

"Mengi."

Bibi karibu acheke. "Basi ongeza na hili. Usimwambie. Leo nilitanguliza mguu mbaya. Unatangulia mzuri, mbaya unafuata. Nimeshajua."

Mama Pacha alikaa ukingoni mwa kitanda. Alijua la kufanya, mtu yeyote angelijua. Lakini alijua pia kwamba akinyanyua simu, gari kubwa limekwenda, na mito mia tatu imekwenda nalo, na Jumamosi ya wiki ijayo atasimama tena mbele ya karani yule anayekohoa. Akamkanda Bibi kwa maji ya moto. Alikanda vizuri, kwa upole kuliko siku zote, na huo upole ulimwudhi mwenyewe.

Kesho yake alikwenda duka la dawa.

"Za maumivu," alisema.

"Ni za nani?" muuza dawa aliuliza.

"Zangu. Mgongo, kazi ya cherehani."

Ulikuwa uongo wa pili ndani ya wiki moja, na huu ulitoka laini kuliko wa kwanza. Alitia vidonge kwenye mkoba akatembea haraka, akapitiliza njia ya kwao, ikabidi arudi.

*

Ijumaa jioni wote walikuwa uani. Pacha walikuwa wamekaa ndani ya gari dogo la chaki, wakijifanya wanasubiri mafuta. Jirani fundi viatu, aliyekuwa hana lolote la kufanya, aliegemea geti kutazama. Sentimita alimpungia mkono aondoke, jirani akajifanya hakuelewa.

Mama Pacha alikuwa amempa Bibi vidonge viwili saa moja kabla, na maji. Hawakutazamana wakati anavimeza.

Bibi alisogea kwenye sanduku. Alimkabidhi mwanawe fimbo bila kumwangalia, akashika kishikio, akatanguliza mguu mzuri. Mwili wote ulisimama hapo kidogo, ukifikiri. Kisha akavuta, mguu mbaya ukafuata, na akawa juu, ndani ya fremu, amenyooka. Alipumua, akageukia barazani, akatembea hadi mwisho wake, akashuka kwa vile vidaraja vifupi vitatu ambavyo amevishuka miaka yote.

"Moja," alisema Sentimita.

Mara ya pili alikwenda haraka zaidi. Mara ya tatu alikawia kwenye kishikio na Mama Pacha akajikuta akiomba, na hakuwa na hakika anaomba apande au ashindwe. Alipanda. Pacha walipiga makofi. Fundi viatu naye alipiga.

Sentimita alisimama akiipapasa futi mfukoni. Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa.

"Mama, sikutegemea," alisema. "Wallahi sikutegemea."

"Wewe mambo mengi huyategemei," Bibi alisema. "Nipe fimbo yangu."

Usiku ule Sentimita alikula mara mbili. Alizungumza habari za viti vya ukumbi kana kwamba ni yeye aliyevileta, akasema ataweka kibao pembeni mwa gari, samani na mito, majina yote mawili. Mama Pacha alikuwa amelisubiri neno hilo miaka kumi na moja. Lilipokuja, aliinuka akaanza kukusanya sahani.

*

Jumamosi walifika yadi saa nne na nusu, wote watano, wamevaa nguo za kutokea. Magari yalikuwa yamepangwa safu safu, yamefutwa, bei zimebandikwa kwenye vioo. Muuzaji aliwapita mara mbili akiwahudumia watu wenye funguo mikononi, na mara ya tatu Sentimita akajiweka mbele yake.

"Mmeamua?" muuzaji aliuliza.

"Kubwa."

Muuzaji alibadilika sura, akawa ndugu. Viti vililetwa, maji yakaletwa, Bibi akaitwa mama mzazi. Gari kubwa lilisogezwa mbele mpaka katikati ya uwanja, jeupe, kifua cha boneti kikimfikia Sentimita mabegani.

"Kwanza apande mwenyewe," Sentimita alisema kwa majivuno, akafungua mlango wa mbele. "Tazameni."

Bibi alishika kishikio, akatanguliza mguu mzuri, akavuta. Alikuwa juu. Wateja wengine walikuwa wamesimama kutazama, na mmoja alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Bibi aliketi, akaweka mkoba mapajani, akatazama mbele kupitia kioo kipana.

Muuzaji alikuja na karatasi. Alieleza sehemu ya kwanza, ya pili, na hii hapa, ambayo ukishatia saini malipo ya kwanza hayarudishwi. Sentimita aliisoma yote kwa kidole, maana hakuwa mtu wa kurukia mstari. Jua lilizidi kuwaka. Muuzaji aliangalia saa mara tatu.

"Mama mzazi ashuke basi, tupige picha," alisema. "Wateja wetu wote tunawapiga picha mbele ya gari."

"Nipigeni humuhumu," Bibi alisema.

"Hutaonekana vizuri, Bibi," pacha mdogo alisema.

"Nimeshaonekana vya kutosha."

Sentimita alicheka. "Mmeona anavyolipenda? Hata kushuka hataki."

Mama Pacha alisogea mlangoni. Mkono mzima wa Bibi ulikuwa umekamata kishikio, vifundo vimetokeza. Mguu wa kushoto ulikuwa umetolewa nje kidogo, na kidole cha kiatu kilikuwa kikitafutatafuta chini, mahali ambapo hapakuwa na kitu, halafu kikarudi ndani.

"Mama, shuka," alinong'ona.

"Sishuki."

"Hushuki au huwezi?"

Bibi hakugeuza uso. "Mwache atie saini. Akishatia nitashuka."

Ndipo Mama Pacha alipoliona jambo lote, na akashangaa kwamba watu wanne wenye macho hawakuliona. Walipima kupanda. Wiki nzima walipima kupanda. Pale uani Bibi alipanda sanduku akapita barazani, akashuka kwa vidaraja vyake, kila mara, kwa sababu sanduku lilisukumwa likagusa baraza ili lisiteleze. Kushuka sitini na tatu hadi chini, mguu mbaya ukitangulia hewani, hakuna aliyekupima, hata mwenye futi.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Sentimita alivua kifuniko cha kalamu.

Mama Pacha alilitaka lile gari. Alilitaka kwa moyo wote, na bodi lake, na kibao chenye majina mawili, na uso wa karani wa chuo likiingia getini. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza dakika moja, na tayari alikuwa amenyamaza siku tatu. Alimtazama Bibi kule juu, mgongo umenyooka, anatabasamu kwa watu kupitia kioo. Akaona Jumanne ijayo, siku ya mazoezi, mbele ya hospitali, mlango uko wazi na wapita njia wanasogea, na Bibi anasema hapana, nimekaa vizuri, niacheni nipumzike kidogo. Na Ijumaa tena. Na wiki ijayo.

"Baba Pacha, usitie saini."

Kalamu ilisimama. "Kuna nini?"

"Mama hawezi kushuka."

"Jana kapanda mara tatu, nimehesabu mwenyewe."

"Alipanda. Hakushuka hata mara moja. Sanduku uliliegemeza kwenye baraza."

Midomo ya Sentimita ilianza kucheza kidogo, kama afanyavyo anapokokotoa, halafu ikaacha. Hakuna aliyemwuliza Mama Pacha zaidi ya hapo, na angeweza kuishia hapo.

"Na Jumatano alianguka," alisema. "Nikakuficha. Jana vidonge vya maumivu nilimpa mimi."

Muuzaji aliangalia viatu vyake. Mtu aliyekuwa ametikisa kichwa kwa kustaajabu alikumbuka ana shughuli upande mwingine. Sentimita alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, na uso wake ukawa wa mtu aliyekata ubao wa bei ghali mahali pasipo. Hakugomba. Ingekuwa nafuu kama angegomba. Alifunika kalamu, akairudisha karatasi mkononi mwa muuzaji.

"Tuandikie lile dogo," alisema.

Vijana wawili wa kuosha magari walikuwa wamekwisha kusogea mlangoni, mikono mbele, tayari kumnyanyua.

"Hakuna wa kunigusa," Bibi alisema.

"Mama, nipe mikono," Sentimita alisema.

"Wewe nenda kaandikiwe."

Alibaki kule juu, amekamata kishikio, na machozi ya hasira yalikuwa yamejaa machoni bila kuanguka. Mama Pacha aliwasogeza wale vijana kwa kiwiko. Akageuka, akaupa mlango mgongo, akapiga magoti nusu kama mtu anayembeba mtoto kutoka kitandani.

"Njoo, Mama."

Kisha mikono miwili ikashuka mabegani mwake, mmoja mzito na mmoja mwepesi, na uzito wa mwili mzima ukafuata. Mama Pacha alipepesuka hatua moja, akajishikiza, akaipitisha mikono chini ya magoti ya Bibi. Alianza kuvuka uwanja. Watu waliwapisha. Wengine walitazama pembeni kwa heshima na wengine walitazama tu.

Mdomo wa Bibi ulikuwa karibu na sikio lake.

"Wewe mjinga," Bibi alisema polepole.

"Ndiyo, Mama."

"Ulidhani nampandia nani lile sanduku? Yule?"

Gari dogo lilikuwa mwisho wa safu, bado mbali.

"Nilikuwa nakupandia wewe," Bibi alisema. "Angalau kimoja ndani ya nyumba ile kiwe chako. Nikakipata. Nilikuwa nimekipata."

"Najua, Mama."

"Hujui. Ungejua ungenyamaza." Mikono ilimkaza shingoni. "Usinitue hapa mbele ya hawa wanaume. Nifikishe."

Mama Pacha alimpandisha vizuri mgongoni, akaendelea kutembea, machozi yakimtiririka mbele ya watu wote, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika na hapakuwa na wa kumfuta.